Nansio: Mji Unaoishi kwa Kuvuka

Anayetaka kuielewa Nansio aanze na ratiba ya meli. Saruji, mabati, magodoro, dawa za zahanati, mwalimu aliyehamishwa kutoka bara, bibi harusi anayekuja kwa mumewe: vyote hivyo na wote hao hufika kwa kuvuka maji. Machungwa, dagaa, muhogo mkavu, mgonjwa aliyepewa rufaa ya hospitali ya Bugando jijini Mwanza na kijana aliyechaguliwa kidato cha tano huondoka kwa njia hiyo hiyo. Meli ikichelewa, sokoni huanza minong'ono ya bei. Meli ikiharibika, habari huwafikia watu wa vijijini kabla jua halijafika utosini, kwa sababu karibu kila nyumba ina mtu au mzigo unaosubiri.

Nansio ni makao makuu ya Wilaya ya Ukerewe, mkoani Mwanza. Ni mji mdogo wenye bandari, soko, ofisi za halmashauri, hospitali ya wilaya, makanisa, misikiti na mitaa ya maduka ambayo mtu huimaliza kwa miguu bila kutoka jasho. Lakini mambo yaliyopita hapa ni makubwa kuliko mji wenyewe. Wafalme, wafanyabiashara wa pembe za ndovu, wapelelezi wa Kizungu, wamisionari, mwandishi wa mojawapo ya riwaya kubwa za Kiafrika na wanasiasa walioandaa uhuru wa Tanganyika wote waliacha alama kisiwani. Tumezoea kuiweka Ukerewe pembezoni mwa ramani. Sura hii inasema kinyume chake: kisiwa hiki kimekuwa njia panda ya ziwa kwa muda mrefu, na katika kila zama, aliyeshika kivuko ndiye aliyeshika maisha ya watu wake.

Maji pande zote

Kutoka Mwanza, meli za Nansio hung'oa nanga Bandari ya Kaskazini. Huyaacha nyuma majabali ya jiji na vilima vya Bwiru, hutoka kwenye ghuba ya Mwanza, kisha hukata mdomo wa Ghuba ya Speke kuelekea kaskazini. Ni safari ya kilomita zipatazo 45, na kwa meli za kawaida huchukua saa tatu na ushei. Njia ya pili ni ya mzunguko: basi hupita Magu, Lamadi na Bunda hadi Kisorya, kisha kivuko huwachukua abiria na magari kupitia mlango wa maji wa Rugezi. Hata aliyechagua barabara lazima mwishowe asimame gatini na kusubiri.

Ukerewe ni kisiwa kikubwa kuliko vyote ndani ya Ziwa Victoria, na hutajwa kuwa kisiwa kikubwa kuliko vyote vilivyomo katika maziwa ya Afrika. Kina kilomita za mraba 530 hivi. Wilaya nzima ina visiwa 38, baadhi vikiwa na vijiji vya kudumu na vingine vikiwa makambi ya wavuvi tu. Ukiipima wilaya kwa eneo, sehemu yake kubwa mno ni maji. Nchi kavu ni kama sehemu moja tu kati ya kumi. Juu ya ardhi hiyo finyu, sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 345,147, na tangu hapo wameongezeka.

Idadi hiyo inaonekana kwa macho. Kutoka Nansio kwenda Bukindo, Murutunguru au Kagunguli, ni nadra kupita mahali pasipo na nyumba, mgomba, shamba la muhogo au mchungwa. Machungwa ya Ukerewe yana jina Mwanza. Msimu ukifika, matenga hupangwa gatini hadi njia ya kupita inakuwa shida. Chakula cha kila siku ni ugali wa muhogo, na mboga yake ni samaki. Viazi vitamu vikivunwa, vingine hukatwa na kuanikwa vibichi viwe michembe, vingine huchemshwa kwanza ndipo vianikwe viwe matobolwa, akiba ya miezi ya njaa. Muhogo nao umekuwa na maadui wake, ugonjwa wa batobato na wa michirizi ya kahawia. Mahali ambapo familia ina ekari moja au mbili, shamba likishambuliwa hakuna kwingine pa kukimbilia.

Wanaostahili kusikilizwa zaidi katika suala la ardhi ni majirani wa kaskazini, Wakara wa kisiwa cha Ukara. Kisiwa chao ni kidogo, kina mawe mengi, udongo wake ni wa kichanga, na watu wamebanana humo tangu kabla ya ukoloni. Jibu lao lilikuwa kilimo cha jasho jingi. Ng'ombe walifungiwa ndani, wakaletewa majani, na samadi yao ikakusanywa na kubebwa hadi shambani. Uwele ulipandwa na katikati yake ikasiawa marejea, mmea ambao baadaye hufukiwa ardhini kuirudishia rutuba. Kisha zikafuata njugumawe. Kando ya ziwa walichimba mashimo yanayoshika maji, wakapanda humo nyasi za mifugo. Miti ilikuwa na wenyewe, kwa kuwa majani yake ni malisho. Watafiti wa Kizungu walipokuja kuyatazama hayo katika karne ya 20, waliyaandikia vitabu na kuyaita jambo la pekee katika nchi za joto. Wakara hawakuwa wakitafuta sifa. Ardhi yao ilikuwa na mwisho, nao waliuona mwisho huo kila upande walikogeukia.

Wasilanga na njia ya pembe

Masimulizi ya Wakerewe yanasema kwamba ukoo wa watawala, Wasilanga, ulitoka Ihangiro ya Buhaya, upande wa magharibi ya ziwa, ukiongozwa na Katobaha. Undugu huo na Buhaya ungali dhahiri. Kikerewe ni jamaa wa karibu wa Kihaya, mtawala aliitwa Omukama kama kule, na enanga, ala ya nyuzi iliyopigwa barazani kwa mfalme, nayo ilivuka kutoka magharibi. Pamoja na Wakerewe wanaishi Wajita, wenye asili ya Majita upande wa Musoma, na Wakara. Kwa hiyo tangu zamani kisiwa hiki kimekaliwa na watu waliotoka ng'ambo tofauti za maji, wakaoana, wakazoeana.

Omukama alibeba mzigo mzito: mvua. Watu walimtii wakiamini kuwa anaweza kuileta au kuizuia, na ukame ulipozidi, kiti chake kilitikisika. Lakini utajiri wa ufalme ulijengwa pia kwa makasia. Katika karne ya 19 Wakerewe walikuwa wafanyabiashara hodari. Walipeleka nafaka Usukuma wakati wa njaa, waliwinda ndovu, na pembe zao zilisafiri hadi Unyanyembe, ambako misafara ya pwani ilikuwa ikifika. Biashara hiyo ilileta shanga na vitambaa, na pia iliongeza watu waliofanywa watumwa kisiwani, kwa sababu mashamba na safari vilihitaji mikono. Pamoja na misafara yakaja magonjwa, ndui na kipindupindu. Njia ya maji haikuchagua cha kupitisha.

Jina la kisiwa lilitangulia jina la malkia. Wafanyabiashara wa pwani waliolisikia ziwa hili wakiwa Tabora walilitaja kwa jina la Ukerewe. John Hanning Speke alipofika Mwanza Agosti 1858 na kuyaona maji hayo, visiwa vikiwa mbele yake, alilipa ziwa jina la Victoria. Mwenzake Richard Burton aliendelea kuliandika Ukerewe kwenye maandishi na ramani zake, na ramani kadhaa za Ulaya zikafuata.

Mwaka 1875 akaja Henry Morton Stanley. Alipiga kambi Kagehyi, pwani ya Usukuma ndani ya Ghuba ya Speke, akaunganisha vipande vya mashua yake Lady Alice na kulizunguka ziwa. Aliporudi, alikuwa na shida ambayo kila mtu wa Ukerewe anaijua: ana watu na mizigo, hana chombo. Alimwendea Omukama Lukonge kuomba mitumbwi ya kumpeleka Buganda. Tuitazame picha hiyo vizuri. Mzungu mwenye bunduki na mashua ya mbao kutoka Uingereza anakaa kisiwani siku baada ya siku akimbembeleza mfalme wa Kiafrika, kwa sababu mfalme ndiye mwenye kivuko. Lukonge alijua uzito wa alichokuwa nacho, wala hakukitoa kwa haraka.

Miaka miwili baadaye mvutano juu ya vyombo ulimwaga damu. Wamisionari wa Kianglikana wa CMS waliokuwa njiani kwenda Buganda walikuwa na mahusiano ya biashara na Songoro, mfanyabiashara aliyekuwa akijenga jahazi Ukerewe. Ulizuka ugomvi baina ya Songoro na Lukonge, na Desemba 1877 watu wa mfalme walimshambulia mfanyabiashara huyo. Luteni Shergold Smith na fundi Thomas O'Neill, waliokuwa kisiwani, waliuawa pamoja naye. Vitabu vya misheni viliwaandika kama mashahidi wa imani. Ukilitazama tukio hilo ukiwa Ukerewe, linasomeka pia kama vita ya mtawala aliyeona wageni wakijenga chombo kikubwa ufukweni kwake bila kuwa chini ya mamlaka yake.

Mamlaka hayo hayakudumu. Wajerumani walijenga ngome Mwanza, na mwaka 1895, baada ya vurugu zilizoigusa misheni ya Wakatoliki kisiwani, walimwondoa Lukonge na kumweka Mukaka. Baada yake alitawala Ruhumbika, kisha Lukumbuzya. Nyumba ya ghorofa ya watawala hawa ingali inajulikana Bukindo. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika huru ilifuta utawala wa machifu nchi nzima, na kiti cha Wasilanga kikabaki katika kumbukumbu za ukoo na wazee.

Mwandishi wa Kagunguli

Mwaka mmoja baada ya Lukonge kung'olewa, yaani 1896, alizaliwa Aniceti Kitereza, mjukuu wa Omukama Machunda. Alikulia katika nyumba ya Mukaka, akasomeshwa na Mapadri Weupe, akapelekwa seminari ya Rubya upande wa pili wa ziwa, huko Buhaya. Huko alijifunza Kilatini na lugha nyingine za Ulaya. Hakuwa padri. Alirudi Ukerewe, akamwoa Anna Katura, akafanya kazi na misheni ya Kagunguli kama katekista na mfasiri. Mungu aliwajalia watoto, wote wakafa wangali wadogo.

Ni muhimu kuijua huzuni hiyo unapofungua kitabu chake. *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali* ni kisa cha mume na mke wanaopendana lakini hawapati mtoto. Wazazi wa Bugonoka wanamchukua binti yao na kumrudisha nyumbani. Myombekere hatafuti mke mwingine. Anakwenda kwa wakwe kuomba mkewe, anatozwa pombe ya ndizi, na anaitengeneza. Katika zama ambazo ndoa bila mtoto ilihesabiwa bure, Kitereza aliandika mamia ya kurasa kumtetea mwanaume anayemng'ang'ania mkewe tasa. Baadaye wanapata mganga, wanapata mwana, kisha binti, na kitabu kinawafuata hao hadi ukubwani.

Ndani ya kisa hicho aliuweka ulimwengu mzima wa Ukerewe ya kabla ya ukoloni: jinsi ya kukamua ndizi, kuvua, kuwinda kiboko, kusalimia wakwe, kuzika, kugawana nyama, kuagana na mgeni. Anaeleza kwa subira ya mtu anayejua kwamba wasomaji wake watakuwa wajukuu ambao hawakuyaona hayo. Aliandika kwa Kikerewe, akamaliza mwaka 1945. Kisha ikaanza safari ndefu ya mswada. Padri Almas Simard, Mkanada aliyemtia moyo, alijaribu kuutafutia njia nje, bila mafanikio. Wachapishaji hawakuona soko la kitabu kinene katika lugha ya kisiwa kimoja. Mwishoni mwa miaka ya 1960 watafiti wa Kimarekani, Gerald na Charlotte Hartwig, walimkuta Kitereza akiwa mzee, mswada wake ungali kwenye karatasi. Akaamua kukitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili ili kitabu kiweze kuvuka.

Tanzania Publishing House ilikitoa mwaka 1980. Kitereza alifariki mwaka 1981 kabla ya kukishika mkononi. Alikuwa amesubiri miaka 35 na zaidi. Baadaye kitabu kilitafsiriwa kwa Kijerumani na Kifaransa, na mwaka 2002 Gabriel Ruhumbika, mwandishi mwingine mzaliwa wa Ukerewe, alikileta kwa Kiingereza moja kwa moja kutoka Kikerewe. Hapa nyumbani, wasomi wanakitaja. Wanafunzi wengi hawakijui. Ninaamini kila shule ya sekondari ya Kanda ya Ziwa ingepaswa kuwa nacho maktabani, na kwamba mtoto wa Nansio anayefundishwa kuwa riwaya ni jambo lililotoka mbali anadhulumiwa urithi wake.

Pamba, siasa na watu waliovuka

Reli ilifika Mwanza mwaka 1928. Kabla ya hapo, bidhaa za kusini mwa ziwa zilipita kwa meli hadi Kisumu, ambako reli ya Uganda ilikuwa imefika mwaka 1901. Kwa reli hiyo, pamba ya Usukuma na Ukerewe ilipata njia ya kwenda Dar es Salaam, na wakulima wakapata jambo la kupigania: mizani ya haki. Katika miaka ya 1950 vyama vyao vya ushirika vilikua haraka chini ya uongozi wa akina Paul Bomani, na mwaka 1955 vikaungana katika shirikisho la Victoria Federation of Co-operative Unions, lililopata kusifiwa kama moja ya mashirika makubwa ya ushirika ya Waafrika barani. Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976. Ukerewe ya leo haitegemei tena pamba, lakini wazee wanaikumbuka kama zao lililojenga nyumba za bati na kulipa ada.

Siasa nazo zilivuka. Mwanahistoria Mohamed Said ameandika kwamba Hamza Mwapachu, mmoja wa vijana wasomi wa chama cha Tanganyika African Association (TAA), alikuwa amehamishiwa Nansio akiwa mtumishi wa ustawi wa jamii, na kwamba mwenzake katika chama hicho, Abdulwahid Sykes, alisafiri hadi huko kumtaka ushauri juu ya nani aongoze chama. Jina lililokuwa mezani ni la mwalimu kijana, Julius Nyerere. Aprili 1953 Nyerere alichaguliwa rais wa TAA, na tarehe 7 Julai 1954 TAA ikageuka kuwa TANU. Kwa simulizi hiyo, sehemu ya njia ya kuelekea uhuru ilipita kwenye gati la Nansio, ndani ya mazungumzo ya watu wachache.

Kutoka kisiwa hiki hiki walitoka Pius Msekwa, aliyekuwa makamu mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1970 na baadaye Spika wa Bunge kuanzia 1994 hadi 2005, na Getrude Mongella, Katibu Mkuu wa Mkutano wa Nne wa Dunia wa Wanawake uliofanyika Beijing mwaka 1995, kisha Rais wa kwanza wa Bunge la Afrika mwaka 2004. Watanzania humwita Mama Beijing hadi leo. Kila mmoja wao alianza safari yake kwa kupanda chombo.

Usiku wa taa

Jioni ya giza, mwezi ukiwa haujachomoza, kaa ufukweni mwa kijiji chochote cha wilaya hii utazame ziwa. Taa huanza kuwaka moja moja, halafu kumi, halafu upeo mzima unakuwa kama mji mwingine. Hao ni wavuvi wa dagaa. Zamani zote zilikuwa karabai za mafuta ya taa, zenye mvumo wake na joto lake. Sasa taa za betri na za sola zimezipunguzia nafasi. Taa huwekwa juu ya maboya na kuachwa zielee. Mwanga huwavuta wadudu na vijidudu vya majini, navyo huwavuta dagaa. Watu wa mtumbwi hungoja kimya, kisha huzikusanya taa taratibu ili samaki wasongamane, wavu hupita chini, na mikono yote huvuta kwa pamoja. Mwezi ukiwa mpevu mwanga wa taa hauna nguvu, hivyo siku hizo watu hushona nyavu, hutengeneza mitumbwi, hurudi kwa familia zao. Kalenda ya mvuvi wa dagaa ni ya mwezi wa angani.

Alfajiri kazi hugeuka ya wanawake. Mitumbwi inapotia nanga mwaloni, wao ndio hununua kwa ndoo, wao ndio huanika. Dagaa walioanikwa juu ya mchanga hukauka upesi lakini hubeba mchanga hadi kwenye sufuria ya mlaji, na bei yao huwa ya chini. Walioanikwa kwenye vichanja hutoka safi, weupe kama fedha, na mnunuzi wa Mwanza huwatambua kwa kuwashika tu. Mvua ikinyesha kabla hawajakauka, mali ya watu huishia kuwa chakula cha kuku. Pale mwaloni utaona mama akitazama wingu kwa makini kuliko mkulima yeyote, kwa sababu mtaji wake wote umetandazwa chini. Kutoka Ukerewe magunia huvuka hadi mwalo wa Kirumba jijini Mwanza, na kutoka hapo huenda Kongo, Burundi, Zambia na kwingineko.

Sangara ana historia nyingine. Alipandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa ametawala. Mamia ya aina za furu, samaki wadogo waliokuwa kitoweo cha kawaida, walipungua sana au kutoweka. Viwanda vya minofu vikajengwa Mwanza, na bei ya samaki wa Ukerewe ikaanza kuamuliwa na walaji wa Ulaya. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Umoja wa Ulaya ulipozuia kwa muda samaki wa ziwa hili kwa sababu za usalama wa chakula, makali yake yalifika hadi kambi za visiwani. Siku hizi bondo la sangara, yaani kibofu chake cha hewa, linalouzwa Asia, linaweza kuwa na thamani kwa kilo kuliko minofu yenyewe. Kuna vijana waliojenga nyumba kwa sangara, na kuna waliorudi mikono mitupu wakidaiwa mafuta na nyavu, maana gharama hutolewa kwanza kabla ya mwenye mtumbwi na wavuvi kugawana kilichobaki. Kokoro na nyavu za macho madogo zimekatazwa, lakini njaa ya leo huwa na sauti kubwa kuliko samaki wa mwakani. Ndiyo maana vikundi vya ulinzi wa rasilimali ufukweni vinahitaji kuungwa mkono na wanakijiji wenyewe; doria ya kutoka mbali hufika, hukamata, huchoma nyavu na kuondoka.

Bwisya

Alhamisi, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko MV Nyerere kiliondoka Bugolora, kisiwa cha Ukerewe, kwenda Bwisya, kisiwa cha Ukara. Kilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 101. Ilikuwa siku ya gulio la Bugolora, na watu walikuwa wakirudi nyumbani na mahitaji yao: mahindi, saruji, bidhaa za duka, watoto mgongoni. Kivuko kilipinduka kikiwa kimekaribia kabisa gati la Bwisya, mbele ya macho ya waliokuja kupokea ndugu zao. Wavuvi waliingia majini na mitumbwi yao bila kuagizwa na mtu. Siku mbili baadaye, fundi wa injini alitolewa akiwa hai ndani ya chombo. Zaidi ya watu 220 walikufa, idadi ambayo ni zaidi ya mara mbili ya abiria ambao kivuko kiliruhusiwa kuwabeba. Wengi walizikwa Ukara, karibu na pale walipofia.

Watu wa ziwa hili walikuwa wamekwisha lia. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia Mwanza, ikaua mamia, na makaburi ya Igoma yangali yanatembelewa. Kati ya ajali hizo mbili ilipita miaka 22, muda wa kutosha kwa mtoto kuzaliwa, kusoma na kuajiriwa kuwa mkata tiketi. Sababu mojawapo iliyotajwa sana mara zote mbili ni mzigo na watu kuliko uwezo wa chombo.

Baada ya msiba, Watanzania walichanga. Sehemu ya rambirambi ilielekezwa kujenga kituo cha afya cha Bwisya, na kivuko kipya kilipelekwa Ukara. Haya ni mambo mema na yanastahili kutajwa. Lakini kituo cha afya kilihitajika kabla ya msiba, na kivuko kikubwa zaidi kilihitajika kabla ya msiba. Kisiwa kisichukuliwe kuwa mahali pa kupelekewa huduma kwa kulipia vifo.

Juni 2025 Daraja la J.P. Magufuli, linalovuka ghuba ya Mwanza kati ya Kigongo na Busisi, lilifunguliwa, lenye urefu wa kilomita tatu hivi, na foleni za kivuko upande ule wa ghuba zikaisha. Watu wa Sengerema na Geita wanajua lilivyobadili maisha yao. Nchi iliyoweza kujenga hilo inaweza kuhakikisha mambo yaliyo rahisi zaidi kwa Ukerewe: abiria wahesabiwe kwa majina kabla chombo hakijaondoka, mzigo upimwe, maboya ya kujiokolea yatoshe watu wote na yawe mahali yanapofikika, na siku ya gulio iongezwe safari badala ya kuongezwa watu. Nahodha anayekataa kuondoka na chombo kilichozidi alindwe na wakubwa wake, na abiria wamshukuru hata wakichelewa. Haya hayahitaji mkopo wa kimataifa. Yanahitaji mtu gatini mwenye daftari, mwenye mamlaka, na mwenye hakika kwamba akisema hapana, hapana yake itasimama.

Lukonge alielewa kwamba kivuko ni mamlaka, akakilinda kwa wivu, na ufalme wake ukaangukia mikononi mwa waliokuja na vyombo vikubwa zaidi. Leo mamlaka hayo si ya mfalme wala ya mkoloni. Vivuko ni vya umma, na umma wa Ukerewe una haki ya kuuliza kila siku chombo kina watu wangapi, kilikaguliwa lini, na nani atawajibika. Wakazi wanaoanika dagaa, wanaochuma machungwa na wanaowapeleka watoto shule ng'ambo wanalipa nauli na kodi sawa na wengine. Wavukishwe salama, kama mtu wa Mwanza anavyovuka barabara.